Minazi Sitini ya Mzee Boga

Mwaka mmoja baada ya bendera mpya kupandishwa, watu wa Waa waliamua kujijengea zahanati yao wenyewe. Kuta walikwisha kuzisimamisha kwa mawe ya matumbawe na jasho la bure. Kilichobakia ni mabati, na mabati hayaokotwi ufuoni. Kamati ikasema kila nyumba itoe nazi ishirini, zikauzwe Mombasa, mambo yaishe.

Kadzo alikuwa mjane mwenye minazi saba, na minne kati yake ilikuwa imezeeka, haizai ila kwa kubembelezwa. Siku hiyo alisimama barazani mbele ya wanaume wote.

"Nazi ishirini kwangu mimi ni tui la watoto la mwezi mzima," alisema. "Kwa Mzee Boga ni zile zinazoanguka zenyewe yeye amelala. Huo ndio usawa wenu?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kufikiri, jambo ambalo barazani halitokei kila siku. Wakakubaliana upya. Mwenye minazi chini ya kumi atoe nazi mbili tu. Mwenye kumi hadi mia atoe nazi moja kwa kila mnazi. Aliyepita mia atoe tatu kwa kila mnazi. Na kwa kuwa mashamba ya Waa yamechanganyikana, ya mjomba yamo ndani ya yale ya mpwa na ya mpwa ndani ya yale ya mjomba, kila mtu ataje idadi yake kwa kinywa chake.

Mzee Boga akasimama, kanzu imepigwa pasi ikakubali. Akakohoa.

"Sitini," akasema.

Shamba la Boga ukilianza barabarani asubuhi, unafika baharini umechoka, na bado umo ndani yake. "Hiyo mingine ni ya ukoo," akaongeza haraka. Hakuna aliyethubutu kumbishia, maana nusu ya waliokuwapo walilima kwa ruhusa yake. Wenye nazo wengine nao wakajifunza papo hapo: wa mia mbili akawa na arobaini, wa mia na hamsini akawa na thelathini. Walipojumlisha, nazi hazikutosha hata mabati ya upande mmoja.

"Tusubiri hadi Ijumaa," alisema mwenyekiti wa kamati, Mzee Dzombo, ambaye ni kaka yake Kadzo. "Zisipotosha, tutarudi kwenye ishirini kwa kila nyumba."

Kadzo alirudi nyumbani anafuka moshi. Zahanati aliitaka kuliko mtu yeyote. Mwaka uliopita kitinda mimba wake aliugua akaponea chupuchupu, yeye amembeba mgongoni hadi Likoni wavuke kwenda hospitali ya Mombasa, na kivuko kikawaweka mpaka jua likawa utosini. Lakini aitake kwa kunyang'anya wanawe chakula, na Boga acheke kivulini? Hasha!

Sasa ona mambo yalivyo. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, Mzee Boga alikuwa anakuja kwa Kadzo kumposea mwanawe Iddi. Iddi na Mwanasha, binti wa Kadzo, walikuwa wamekwisha kukubaliana kwa macho zamani, na Kadzo mwenyewe alimpenda kijana yule kwa adabu na bidii yake.

"Mama, nakuomba," Mwanasha alisema huku akikaanga kaimati. "Usiniharibie."

"Sikuharibii, mwanangu," Kadzo alimjibu, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika. Kisha akamwita kaka yake uani, akamnong'oneza maneno. Dzombo aliyasikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho.

Wageni walikuja kwa taratibu zote. Boga na wazee wanne wakakaa mkekani na Dzombo, wanawake wakakaa nyuma ya pazia. Wale wanne kazi yao inajulikana. Posani, kila mzazi wa kijana anachokisema, waliomsindikiza humwitikia "Kweli! Kweli!" ili mambo yapambike. Boga akasema mwanawe ana dini. Kweli! Ana heshima. Kweli! Hajawahi kuonekana ulevini. Kweli kabisa!

Kahawa ikanywewa. Dzombo akainamisha kichwa.

"Tumefurahi, ndugu zangu, wala Iddi hatuna la kumkosoa," alisema. "Ila tuna wasiwasi. Mzee Boga ana wake wawili na watoto kumi na mmoja, na barazani tumesikia kwa masikio yetu kwamba ana minazi sitini. Tumepiga hesabu, kila mtu anapata minazi minne na makuti mawili matatu. Binti yetu tunamwonea huruma. Tunaogopa njaa."

"Njaa?" Boga aliruka kama aliyekalia siafu. "Nyumbani kwa Boga, njaa? Mimi nina minazi mia sita na arobaini! Yangu mwenyewe, si ya ukoo wala ya nani!"

"Kweli! Kweli!" wakaitikia wale wazee wanne.

Kikombe cha mzee mmoja kikagonga sahani yake. Boga alimtazama mwenyekiti wa kamati, akawatazama mashahidi wake wanne, na rangi ikamtoka. Nyuma ya pazia Mwanasha alimshika mama yake mkono hadi ukauma.

"Mmenitega," Boga alisema polepole. "Haya, niambieni. Nikiugua, nitadungwa sindano kumi na wenzangu moja? Kwa nini mimi nitoe zaidi?"

Jibu likatoka nyuma ya pazia.

"Utadungwa moja, mkwe," alisema Kadzo. "Na ukirudi kwako utakuta minazi inakungoja na nazi zake kibao. Mimi nikitoa ishirini, narudi kwenye chungu kitupu. Siangalii umetoa ngapi. Naangalia umebakiwa na ngapi."

Boga macho yakamng'aa, maana biashara aliijua. "Na nikizitoa hizo nazi, posa imekubaliwa?"

"Posa ilikubaliwa tangu ulipopiga hodi," Kadzo akasema. "Mwanangu simuuzi kwa nazi. Barazani utasema utakalo, na Iddi atabaki kuwa mwanangu."

Mwanasha akaachia pumzi aliyokuwa ameizuia tangu kahawa. Boga alifungua kinywa, akakosa cha kupigia bei, akakifunga. Aliondoka ameaga vizuri, lakini hakusema neno la nazi. Siku mbili zile Kadzo hakupata usingizi wa maana.

Ijumaa, baada ya sala, Boga alisimama barazani.

"Siku ile nilihesabu vibaya," alisema, akitazama miguu yake. "Ni mia sita na arobaini."

Vigelegele vikapasua anga. Vilikuwa vikubwa kiasi kwamba Boga aliinua kichwa, akanyoosha mabega, akaanza kutabasamu. Yule wa arobaini akasimama kusema kuwa naye alisahau upande wa bondeni. Wa thelathini akamfuata, anacheka kwa aibu.

Wakwezi walifanya kazi wiki nzima. Siku ya kupakia lori, lundo la nazi lilikuwa refu kuliko mlango wa zahanati, na Boga alikuwa akilizunguka na kila mgeni, anaeleza. Kadzo alifika na nazi zake mbili, akazirusha juu, nazo zikapotelea humo.

"Mkwe," akamwuliza, "zako ni zipi?"

Boga alinyoosha kidole, akakirudisha. Akazunguka upande wa pili, akachungulia, akajikuna ndevu. Nazi zilikuwa nazi tu.

"Zote," akasema hatimaye, kwa fahari.

Watu waliangua kicheko hadi wakwezi wakashika tumbo. Kadzo naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwachia zote, pamoja na mbili zake.