Skrubu Nne Fupi

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hashoni nguo moja kwa moja. Kwanza anapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu kitambaa, aone kinavyokaa mwilini. Akiridhika ndipo anakaa kwenye mashine na kushona kweli, kisha anaichomoa bandi na kuitupa. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, na ubaya mkubwa niliowahi kumfanyia mteja ni kumchoma pini.

Tulipobomoa jiko letu bovu ili tulijenge upya, niliapa kwamba makabati nitayatengeneza mwenyewe. Seremala wa mtaani alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Mume wangu, kwa kuwa ananijua, alininunulia drili akanyamaza. Ila mama mkwe, ambaye tunaishi naye, na ambaye magoti yamemwishia nguvu lakini ulimi bado, alisema, "Mwanangu, kabati si gauni. Gauni likikosewa, mtu atabanwa kiuno tu."

Mimi ni mwepesi wa hasira, na hasira zangu huwa naziweka kwenye kazi. Nilikata plaiwudi kila jioni, nikapiga msasa mpaka kucha zikawa nyeupe, nikafunga bawaba na kuzifungua na kuzifunga tena. Jumapili alasiri tukalipandisha kabati la kwanza, lile la ukutani, mume wangu akilishika kwa chini. Nililifunga kwa skrubu nne fupi, nione kwanza linavyokaa. Bandi, kwa lugha yangu. Zile ndefu, zinazozama hadi kwenye tofali, zilibaki ndani ya pakiti yake dirishani.

Nikarudi nyuma, nikaweka pimamaji. Lilikuwa limenyooka! Mume wangu akapiga makofi. Mama mkwe akaja akichechemea, akafungua mlango wa kabati, akaufunga, akaupapasa kwa kiganja kama anayepapasa kitambaa cha bei. Kisha akanigeukia.

"Limekwisha?"

Ningesema bado. Lakini mwezi mzima nilikuwa nimetaniwa ndani ya nyumba yangu, na sasa yule mama alikuwa ananiangalia kwa heshima, na heshima yake haipatikani ovyo. Mdomo ukatangulia.

"Limekwisha, mama."

Nilijiambia nitaamka alfajiri nifunge zile ndefu kabla hajatoka chumbani. Alfajiri ikaja na simu ya mteja aliyekuwa anaolewa siku hiyo na gauni halifungiki mgongoni. Nilitoka mbio hata chai sikunywa, na kabati nikalisahau kabisa.

Saa nne asubuhi simu ililia dukani. Alikuwa mama mkwe, ana furaha kama mtoto.

"Nimekupangia vyombo vyako! Vyote nimevitoa kwenye maboksi. Mwezi mzima tunaishi kama wasafiri, nimechoka."

"Umevipanga wapi, mama?"

"Si kwenye kabati lako? Sahani chini. Yale masufuria mazito na kinu cha mawe nimeviweka juu. Nimepanda stuli, usimwambie mume wako. Sasa nimekaa hapa chini yake nachambua maharage, maana ndipo penye mwanga."

Makabati ya chini nilikuwa sijayaanza, kwa hiyo chini ya lile kabati palikuwa sakafu tupu, na juu ya sakafu ile, mama wa mume wangu.

"Mama, ondoka hapo. Toka jikoni."

"Eh? Simu yako inakwaruza. Halafu linalialia kidogo, hili kabati. Ni mbao mpya, au siyo? Zitazoea."

"Mama, toka!"

"Haya, tutaongea, naona maji yanachemka."

Akakata. Nikapiga, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena nikiwa tayari barabarani, futi yangu ya kupimia bado shingoni na pini mbili mdomoni, ambazo nilizitema nilipokumbuka kwamba naweza kuzimeza. Kutoka dukani hadi nyumbani ni mitaa mitatu. Nimeitembea maelfu ya mara na sikujua kama ni mirefu vile. Mtu wa duka la simu aliniuliza kuna nini, nikampita mbio. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia, na nikilia nitasimama. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamzika. Nilikuwa nimefika mahali pa kumweleza mume wangu, na kila nilivyopanga maneno, yalianza na "nilijua".

Nyumba ilikuwa kimya. Nikaingia jikoni taratibu, kwa sababu niliogopa hata kishindo cha miguu yangu.

Alikuwa hai. Amekaa kwenye stuli, mgongo ukutani, ungo mapajani, anachambua maharage. Juu ya kilemba chake cha bluu palikuwa na vumbi jeupe. Nikainua macho. Kati ya kabati na ukuta, kwa juu, palikuwa na ufa wa kuingia vidole viwili, na vumbi lilikuwa linatoka humo, linashuka polepole.

"Mbona unahema?" akaniuliza.

Nilipita juu ya miguu yake, nikasimama mguu huku na mguu huku, yeye katikati, nikalisukuma kabati kutoka chini kwa viganja na kwa utosi. Uzito ukanishukia hadi visigino. Skrubu moja ilidondoka, ikagonga sakafu, ikabingirika.

"Mama, inuka utoke. Linaanguka."

Aliitazama ile skrubu. Kisha akafanya anachofanya kila siku akitaka kuinuka: akanyoosha mkono atafute pa kushika, na mkono ukaenda kwenye mlango wa kabati.

"Usishike hapo! Nishike mimi!"

Akanishika gauni kiunoni, akajivuta. Magoti yakakataa. Akajivuta mara ya pili, na mimi huku juu nikasikia mbao zikilia na vyombo vikisogea, na nikaanza kutetemeka mikono, na nilijua kwamba ikitetemeka zaidi kidogo basi. Mara ya tatu akasimama. Maharage yakamwagika sakafuni pote.

"Nenda mlangoni."

"Na wewe je?"

"Mama, nakuomba."

Badala ya kwenda mlangoni alifungua kabati. Akaanza kutoa sahani, moja moja, anaziweka sakafuni, anainama kwa magoti yale yale yasiyoinama. Nilimpigia kelele. Nilimwita kwa majina ambayo mkwe hamwiti mama mkwe wake. "Simwachi mtoto chini ya mzigo," alisema tu, akachukua sahani nyingine.

Skrubu ya pili ikatoka. Upande wa kulia ukashuka, kinu cha mawe kikasogea juu ya kichwa changu, nikakisikia.

"Mama, mlangoni! Sasa hivi!"

Safari hii alikwenda. Nilipoona kanga yake imevuka kizingiti, niliachia na kujitupa pembeni.

Kishindo kile sitakieleza. Vumbi lilipotulia, kabati lilikuwa limelala kifudifudi, na stuli iliyokuwa chini yake ilikuwa vipande. Kinu kilikuwa kimevunja vigae viwili mahali penyewe alipokuwa ameweka miguu.

Tuliketi kwenye korido, sakafuni, wote wawili. Alinishika mkono, akaupapasa kama hajui ni wa nani. Akasema Mungu ni mkubwa, akasema ajali haina kinga, akasema nisijilaumu, kwani hata mafundi wakubwa hukosea. Ningeweza kukubali. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye vile vipande vya stuli.

"Mama, halikuwa limekwisha. Nilitia skrubu fupi za kushikiza tu. Ndefu zipo dirishani."

"Ulisahau?"

"Asubuhi nilisahau. Jana, uliponiuliza, nilijua."

Aliuachia mkono wangu. Hakuuachia kwa hasira. Aliuweka juu ya paja langu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta, ingawa nilikuwa nimeshamnyooshea bega.

Kabati nililitengeneza upya, lina skrubu kumi na mbili ndefu, na seremala yule aliyenicheka alijaribu kuning'inia akashindwa kulitikisa. Mama mkwe analitumia. Hajawahi kumwambia mwanawe yale niliyomwambia koridoni, na mbele ya wageni hunisifu. Lakini kila siku, kabla ya kuvuta stuli mpya na kukaa, huangalia juu, kisha huniangalia mimi, na kuuliza kwa upole, "Nikae?"