Mji Niliomnyima Hofu

Kuna usingizi unaokuja kwa kuchoka mwili, na kuna ule unaokuja kwa sababu moyo hauna pa kukaa. Wangu siku ile ulikuwa wa pili. Ilikuwa alasiri, jua bado linachoma mabati ya Kinyasi, mtaa wetu wa pembeni mwa mji ambako reli hupita nyuma ya mabanda ya kuku, nami nimejilaza mkekani mkono chini ya kichwa, nimegombana na Tunu. Tunu ni mjukuu wangu, nimemlea tangu hajaota meno, na siku hizi ni dereva wa treni. Tena si ile ya zamani iliyokuwa ikipita inakohoa na kuzitia masizi shuka zetu kwenye kamba. Anaendesha hizi mpya zinazokwenda kwa umeme, zilizoletwa kubeba watu wa pembeni kwenda mjini na kurudi.

Alikuja asubuhi na sare yake, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Umependeza, utaniharibia ndoa."

Akacheka. "Bibi, kesho ndiyo siku ya kwanza ya abiria. Nataka ukae behewa la kwanza, nyuma yangu kabisa."

"Mimi? Ndani ya lile dude la umeme? Umesahau pasi ilivyonirusha mpaka kabatini?"

"Pasi ilikuwa mbovu, bibi."

"Na treni nani kaipima? Jirani yangu Bi Somoe anasema umeme wake unaingia kwenye mifupa."

"Bi Somoe hajaiona hata kwa kisogo!"

"Sipandi. Na wewe ungekuwa na akili ungetafuta kazi nyingine."

Hilo la mwisho lilinitoka tu, wajukuu zangu mnaosoma, kama maziwa yanavyofurika ukigeuza uso. Tunu akaaga kwa adabu, akaondoka bila kugusa chai wala vitumbua. Nikabaki navitazama mpaka vikapoa, na alasiri ndipo nikalala.

Nikaota niko katika nchi isiyo na barabara hata moja, ila reli tupu zinazong'aa kama bangili za arusi, zinapita kati ya mashamba ya ufuta uliochanua, na juu yake nyaya nyembamba zimetandwa kama nyuzi za mtu anayeanza kufuma kitu kikubwa. Pembeni amesimama mwanamke wa rika langu, kilemba kimekwenda upande, macho makubwa kama ya mtoto aliyeamka sasa hivi, mifuko ya gauni imetoboka kwa kujazwa kila anachokiokota njiani.

"Karibu, Siwema," akasema. "Mimi ni Udadisi. Tulicheza pamoja ukiwa mdogo, ukaja ukanifungia nje. Sina kinyongo. Twende stesheni, ila nakuomba jambo moja: ukiambiwa neno, liulize kabla hujalimeza."

Hatujafika mbali tukamkuta Uvumi, mama mnene mwenye sinia la maandazi, anaita kwa sauti tamu, "Ya moto, ya moto! Treni imemramba mtu juzi, njooni muonje!" Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Udadisi akanitangulia. "Mtu gani huyo, bibie?" Andazi likanywea kidogo. "Mtu wa huko," akajibu Uvumi. "Huko wapi?" Likanywea tena. "Huko kwao! Mbona unanihoji kama hakimu?" Na kwa kila swali maandazi yalisinyaa, tukaona ndani hamna kitu, hewa tu. Uvumi akasonya, akajitwika sinia lake. "Watu wengine bwana, hawajui kula!" Nilicheka mpaka nikashika mbavu, ingawa moyoni nilijua nimelishwa maandazi hayo tangu Jumatatu.

Kwenye lango la stesheni ndipo nilipomwona Hofu. Mimi nilidhani ni zimwi lenye pembe, kumbe ni bwana mpole, mlaini kama godoro jipya, ana sauti ya mlezi, na jina langu analijua. Amekalia mito mingi, kila mto umevimba na ndani yake kunamulika taa ndogondogo, na taa hizo moja baada ya nyingine zinazimika. Nyuma yake, kimya, imesimama treni ndefu yenye rangi ya parachichi bivu. Wengi walikuwa wamejipanga mbele yake, naye anawategea kitendawili kile kile.

Mnajua mchezo wetu. Mtu akitega nawe ukashindwa, anakudai mji. Unampa, "Nimekupa Tabora," naye anajidai amekwenda, amekula na kunywa huko, kisha ndipo anakupa jibu. Basi Hofu alitega hivi: "Nina ng'ombe wangu, hali majani, hatoi moshi, na mchungaji wake hukaa mbele wala hana fimbo." Kila mtu alilijua jibu, liko mgongoni pake linametameta! Lakini sheria ya nchi ile ni kwamba jibu halisemwi tu, shurti uliguse kwa mkono. Hapo wote wanarudi nyuma. "Nimeshindwa," anasema mmoja. "Nipe mji," anasema Hofu kwa upole. "Chukua alikoolewa dada yangu." Mji huo unageuka taa, unaingia kwenye mto aliokalia. "Chukua kule kwenye soko la nguo." Nyingine. Nao wanaondoka wepesi, wanajipepea, hawajui kwamba mahali walipopatoa hawatapakanyaga tena.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Nimeshindwa. Nimekupa Tabora."

"Hiyo ulinipa ukiwa na miaka saba," akasema Hofu, akitabasamu.

"Basi Kigoma."

"Nayo ninayo, mama yangu. Miji yote ya mbali umenipa, na hukuwahi kuiona. Leo nataka wa karibu. Nipe ule anaofanyia kazi Tunu. Nikiuchukua hutasumbuka tena. Utakaa mkekani kwako, nawe utasikia habari zake kwa watu."

Alisema kwa huruma hata nikafungua mdomo niutoe. Ndipo nikauona mji wenyewe kwenye kiganja changu, taa ndogo yenye joto, na ndani yake Tunu na sare yake, anatazama nyuma kwenye kiti kitupu. Udadisi akaninong'oneza, "Kushindwa ni kwako mwenyewe kusema. Yeye hawezi kukusemea."

Nikafumba kiganja. "Hunipati! Sijashindwa!" Nikampita, jasho linanitiririka, nikaipiga treni ubavuni kwa mkono mzima, nikifumba macho kungoja kurushwa. Wapi! Ilikuwa baridi na tulivu kama mtungi wa maji asubuhi. Na mlango ukafunguka wenyewe, kama mwenyeji aliyesikia hodi kabla hujaipiga.

Jukwaani palikuwa na safu ya viatu na ndara. "Vya nani?" nikauliza. Udadisi akaangua kicheko. "Vya ukoo wa Adabu! Wameona sakafu inang'aa, wakadhani wanaingia ukumbini kwa mtu. Watafika mjini peku!" Nikawaokotea nilivyoweza, nikaingia vimenijaa kifuani, nao wakanipokea kwa vigelegele. Humo ndani nilimkuta Subira anasuka ukili, na Bidii amelala mdomo wazi, maana safari hii kazi ilimwachia muda wa kupumzika. Treni ikaondoka bila kishindo, kimya hata tukawa tunategeana vitendawili toka kiti cha mbele hadi cha nyuma bila kupaza sauti. Dirishani niliona akina mama wakishuka na jua bado liko juu, watoto wanawakimbilia, na shuka kwenye kamba nyeupe pe. Nikasogea kwenye kioo cha dereva. "Huyo anaitwa Uthubutu," akasema Udadisi. Dereva akageuka. Alikuwa na vishimo vya mashavu ya Tunu. Nikafumbua mdomo kumwita.

"Hodi! Wewe Siwema, umekufa?" Alikuwa Bi Somoe mlangoni, magharibi inaingia.

Nikaketi mkekani, mkono wangu bado umekunja ngumi, na polepole nikaelewa. Nilichokuwa nakiita busara ya uzee, kumbe nilikuwa namkatia Hofu vipande vya maisha yangu, na asubuhi ile nilitaka kumpa na mtoto wangu juu yake, kisha nikamlaumu mtoto. Nikachukua simu.

"Bibi?" Sauti ya Tunu kavu.

"Mke mwenza, nilikosa. Ile kazi yako ni ya mtu mwenye akili kuliko mimi. Kile kiti cha nyuma yako umeshampa mtu?"

Nikasikia anavuta kamasi. "Nani ningempa, bibi?"

Bi Somoe, aliyekuwa ametega sikio muda wote, akaninyang'anya simu. "Tunu! Ni mimi. Yale ya mifupa nilikuwa nasikia tu kwa watu. Na mimi nakuja, lakini nakaa dirishani!"