Zamu ya Darajani

Kufikia saa mbili asubuhi koplo wa mipango alikuwa ameshachapisha ratiba ya doria mara tatu, na mara zote printa ilimtolea ukurasa wa nne ukiwa na mchirizi mweusi. Karatasi zenyewe alikuwa ameziomba shule ya jirani, maana kituo kilikuwa na bunduki ishirini na hakikuwa na rimu hata moja. Akaukwangua ule wino kwa wembe, polepole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Roho yake ilikuwa kwenye ukurasa huo. Mstari mmoja tu: Daraja la mfereji, askari wawili, saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu.

Daraja lilikuwa la chuma, la waenda kwa miguu, na mpaka wa wilaya mbili za polisi ulipita katikati yake. Aliyechora mpaka huo bila shaka hakuwahi kulivuka kwa miguu maisha yake yote.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi mama anayefua mashuka ya hospitali, mkono wa kulia ukiwa umefungwa plasta. Mwezi uliopita vibaka walimpiga kabali pale darajani, wakamvunja vidole viwili kwa sababu alichelewa kuachia mkoba. Alipokwenda kituo cha ng'ambo anakoishi, aliambiwa tukio ni la huku. Alipokuja huku akaambiwa ni la kule. Alizungushwa hivyo siku mbili nzima, mkono umevimba, mpaka koplo alipoona haya na kumwandikia taarifa. Leo ruhusa yake ya ugonjwa ilikuwa inakwisha. Kesho saa kumi na mbili asubuhi awe kazini, ama nafasi yake apewe mwingine.

"Mwanangu, kikao ni leo?"

"Leo, mama. Safari hii daraja nimeliandika."

"Hata mara ile uliniambia litapata askari."

"Mara ile nilisema kwa mdomo tu. Wakubwa hawa ukiwaambia kwa mdomo, linaingia huku linatokea huku. Karatasi hawataikwepa."

Aliyaamini maneno yake mwenyewe, na hilo ndilo linalouma zaidi.

Kikao kilianza saa tatu. Meza moja, mkuu wa kituo upande huu, mkuu wa ng'ambo upande ule, na katikati mratibu kutoka makao makuu, mtu mpole mwenye miwani na rula. Kazi yao ilikuwa kupanga kwa pamoja jinsi ya kupunguza uhalifu katika wilaya hizo mbili. Sokoni walikubaliana. Stendi walikubaliana. Ukurasa wa nne ukafunguliwa.

"Daraja," mratibu akasema. "Nani analichukua?"

Wakuu wote wawili wakainamia karatasi zao.

"Si umeliandika wewe, mzee mwenzangu?" mkuu wa ng'ambo akacheka. "Lichukue, mimi sina kinyongo."

"Ameliandika binti yangu huyu, si mimi." Mkuu wa kituo akamtupia koplo jicho la pembeni. "Nani asiyejua utaratibu? Mwenye doria ndiye mwenye eneo, na mwenye eneo ndiye mwenye matukio yake yote. Robo hii ya mwaka pale wamekabwa watu kumi na wanne. Nikipeleka askari wawili, hao kumi na wanne wananihamia mimi. Uhalifu kwangu umeshuka kwa asilimia tisa, unataka nipandishwe na daraja?"

"Na mimi nimeshuka kwa saba," mwenzake akasema. "Usinitazame hivyo."

Koplo akasimama.

"Afande, naomba kusema. Mmoja atoke huku, mmoja atoke kule. Matukio tugawane nusu kwa nusu."

"Fomu ina nafasi ya wilaya moja tu, koplo," mratibu akajibu. "Tukio haligawanyiki."

"Aliyevunjwa vidole yuko hapo nje, afande. Kesho alfajiri anavuka."

"Mpe pole," mratibu akasema, wala hakuwa anadhihaki. Aliweka rula juu ya ule mstari, akaukata kwa kalamu nyekundu, taratibu, ili mchoro usiende mshazari. "Tutalitazama robo ijayo."

Kisha wakatoka uani kupiga picha ya ushirikiano, wakuu wawili wakiwa wameshikana mikono. Koplo ndiye aliyepewa simu awapige picha.

Aliporudi ndani alikaa kwenye benchi, karibu sana na yule mama, bega kwa bega. Ilikuwa vigumu kumtazama usoni.

"Imeshindikana, mama. Nisamehe."

Mama hakulia. Angelia, koplo naye angepata nafasi ya kulia.

"Huwezi kuzungukia njia ya kiwandani?" koplo akauliza.

"Ile ni saa nzima na robo, na hakuna hata nyumba moja. Darajani angalau nikipiga kelele nasikika." Akaipakata plasta yake. "Sasa nieleze kitu kimoja tu, mwanangu. Wakinikamata tena, nijitahidi kuwa upande gani? Nisije nikazungushwa tena kama siku zile."

Koplo akautazama mlango wa chumba cha kikao, akashusha sauti.

"Upande wetu, mama. Hata ukianguka, angukia upande wetu. Nitakuandikia mimi."

"Upande wenu unaanzia wapi?"

"Kwenye nguzo ya nne. Ukitokea kwako, hesabu nguzo nne."

Mama akainua mkono wake mzima, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, midomo ikimcheza bila sauti: moja, mbili, tatu, nne.