Kisu Kilichokutwa Chini ya Gogo

Jumatatu hakuna aliyenunua nyama kwa Chenge. Jumanne zilitoka kilo mbili tu. Nusu ya ng'ombe ilining'inia kwenye ndoano kutwa nzima, na jioni Chenge akaiteremsha mwenyewe, akaisukumiza kwenye friza ambayo tayari ilikuwa imejaa nyama ya jana. Na aliyemfikisha hapo ni Machibya, rafiki yake wa miaka ishirini, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye fremu yake inatazamana na bucha, barabara tu katikati.

Chenge alikuwa ameigiza. Watu wa tamthilia ya *Jalada la Tisa* walifika Mkuyuni wakitafuta mtu anayejua kukata nyama kwelikweli, si wa kufundishwa. Wakamwona Chenge, bonge la mtu, kovu juu ya jicho la kushoto, wakamchukua siku tatu kwenda kupiga picha Butimba. Humo ndani anaitwa Kija, mwenye bucha. Walimwahidisha asimwambie mtu hadithi inaishia wapi, naye hakumwambia hata mkewe.

Mtaa ulimsubiri wiki sita. Tamthilia wanaiangalia kwenye mgahawa wa Sabina, kila Jumapili saa kumi jioni, kwenye runinga iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma ambao Machibya aliuchomelea mwenyewe. Kiti cha mbele ni chake. Shule aliachia darasa la tano, lakini *Jalada la Tisa* analo kichwani tangu sehemu ya kwanza. Aliyekosa sehemu anamfuata kwenye karakana, naye anasimulia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Kuna siku Yahaya wa bodaboda alimbembeleza akubali kwamba stelingi alimpiga adui ngumi tatu. Machibya akasema mbili. Ya tatu ilipita hewani.

Basi Jumapili ile, sehemu ya thelathini na moja, Inspekta Evelina aliingia kwenye bucha ya Kija kumtafuta aliyemwua mwalimu Jonathan. Akaamuru gogo la kukatia nyama lisogezwe. Chini yake kikatoka kisu, kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye damu. Kamera ikamsogelea Chenge usoni, kovu likajaa kioo kizima. Machibya akasahau yuko wapi. Aliruka kutoka kwenye kiti, akanyoosha kidole.

"Nilijua! Jicho la huyu mtu sijawahi kuliamini hata siku moja!"

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga chai. Chenge mwenyewe, amekaa nyuma karibu na mlango, alicheka. Lakini kicheko kilikwisha, maneno yakabaki. Kama Machibya, anayekula naye sahani moja, hajawahi kuliamini jicho lake, mwingine angeliamini vipi?

Jumanne mchana Machibya aliingia jikoni kwa Sabina. Alimkuta anapara sato.

"Dada Sabina, kilo zako nane za kila siku ziko wapi?"

"Leo samaki."

"Na jana?"

"Jana samaki. Kwani ziwa limekauka?"

"Yale ni maigizo. Yule mwalimu aliyekufa nimemwona juzi stendi anakula muhindi wa kuchoma."

"Usinifundishe, kaka Machibya. Najua ni maigizo. Mtoto wa chekechea anajua ni maigizo." Sabina hakuinua macho kwenye samaki wake. "Lakini jana mteja kaniuliza, mama, nyama hii ya wapi? Nikasema ya Chenge. Akasukuma sahani. Kalipa, sikatai, lakini kasukuma sahani. Mimi napika watu wale, sipiki wajadiliane. Na aliyesema jicho lake halina uaminifu ni wewe, si mimi."

Machibya alitoka nje. Alivuka barabara, akanunua kilo mbili kwa Chenge, akawasha mkaa mbele ya karakana yake, akachoma na kula palepale, wapita njia wakimwona. Yahaya alisimamisha pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Fupa la mwalimu gani hilo unalotafuna, wa hisabati au wa Kiswahili?"

Kijiwe kizima cha bodaboda kililipuka kwa kicheko. Machibya aliendelea kutafuna.

Jioni Chenge alimwambia kwa sauti ya chini, huku akifuta gogo ambalo halikuwa na cha kufuta. Mwenye fremu ya bucha amepita. Kuna mtu anataka kuuza simu pale. Amesema bucha isiyo na wateja inanuka, na fremu yake hataki inuke. Amempa mpaka mwisho wa mwezi.

"Amesikia wapi?" Machibya akauliza.

"Mwanza nzima imesikia, kaka."

Nyumbani kwa Machibya, mkewe Getruda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Uliyaropoka mwenyewe, yaokote mwenyewe."

Machibya alikubali. Hakuwa mtu wa kulala na jambo. Tatizo ni kwamba hakujua ayaokote vipi. Kuwaambia watu ni maigizo kulikuwa kazi bure, walijua. Hawakuwa wajinga. Walichokiona kilikuwa kimeshaingia tumboni, na cha tumboni hakitolewi kwa maelezo.

Jumatano saa saba mchana kulikuwa na marudio ya sehemu ile. Geti la kanisa, kazi aliyopewa Machibya, lilikuwa chini, limekatwa nusu, na mzee wa kanisa alikuwa amesisitiza lifungwe Jumamosi. Machibya alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akaenda kwa Sabina. Safari hii hakuangalia kama mshabiki. Aliangalia kama anavyokagua geti la fundi mwingine: wapi limeunganishwa, wapi limedanganywa.

Akaliona. Dakika mbili baada ya kisu kupatikana, Inspekta Evelina anataka kufungua bahasha iliyofungwa kwa uzi. Anachukua kisu kilekile, anapitisha kwenye uzi. Hakikati. Anapitisha tena. Mara ya tatu anakiweka chini, anaukata uzi kwa meno.

Machibya alitoka mbio, akamkuta Chenge amekaa juu ya kreti.

"Lete kisu chako."

"Cha nini?"

"Lete!"

Chenge alimpa. Machibya alikipitisha kwenye mkono wake. Vinyweleo vikaanguka kama vimepitiwa na wembe.

"Unakinoa lini?"

"Kila jioni kabla sijafunga. We hujui? Kila siku unanisikia."

"Ndiyo maana nakuuliza! Kija ni mwenye bucha, miaka kumi na tano yuko bucha. Kisu kilichokutwa kwake hakikati hata uzi. Kuna mwenye bucha wa namna hiyo? Kile kisu si chake. Kimewekwa. Kija kabambikiwa kesi!"

Alitegemea Chenge aruke kwa furaha. Chenge aliangalia lami.

"Iache hiyo, Machibya."

"Niiache?"

"Jumapili si mbali. Iache."

Machibya alimwangalia, akatabasamu. Alielewa kwamba rafiki yake amekatazwa kusema, na kwamba hilo ndilo jibu lenyewe.

Tangu mchana ule hakushika tena mashine. Yahaya alikuwa na sehemu ile kwenye simu, na Machibya alipanda nyuma ya pikipiki yake, mlango hadi mlango: saluni, kwa wauza mkaa, kwa mafundi baiskeli, mpaka kwa akina mama wa dagaa chini ufukweni. Kila mahali aliomba kitu kimoja, uzi. Aliwaonyesha Inspekta anavyohangaika, kisha akatoa kisu cha Chenge mfukoni na kukata. Uzi ulianguka vipande viwili kabla mtu hajaona mkono umekwenda. Hakusema habari za maigizo hata mara moja. Alisema: mmemhukumu mtu kabla ya kesi kwisha.

Yahaya, aliyeanza safari ile kwa utani, alipofika kituo cha nne akawa ndiye anayesimulia. "Angalieni mkono! Mara ya kwanza, hola! Mara ya pili, hola!"

Alhamisi walifika kwa Sabina, naye aliangalia mara tatu. Kisha akachukua kisu chake cha vitunguu, akajaribu kukata uzi, kikagoma.

"Hiki changu nanoa kwenye ngazi ya mlango, mara moja kwa mwezi," akasema. "Lakini mtu wa bucha? Haiwezekani. Nani kamwekea?"

"Hilo tutalijua Jumapili."

"Shemeji wa marehemu. Yule wa gari jeupe. Tangu mwanzo simpendi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kesho mwambie kilo nne."

Ijumaa zikawa nne. Jumamosi zikawa nane, na mbele ya bucha kulikuwa na foleni. Lakini nyama ya Jumatatu na Jumanne ilikuwa imeshaharibika, friza ilizidiwa, na Chenge alikuwa ameifukia nyuma ya nyumba Alhamisi asubuhi, mbwa wa mtaa mzima wakimwangalia.

Jumapili saa tisa na nusu Chenge hakuonekana. Machibya alimfuata nyumbani, akamkuta amekaa kitandani na viatu.

"Nyanyuka. Watu wamekuwekea kiti cha mbele, pembeni yangu."

"Siji."

"Kwa nini?"

Chenge alishusha pumzi. "Kija ndiye aliyeua, kaka. Leo nakiri. Nimekiri mbele ya kamera mara nne, mara tatu walisema sijalia vizuri. Kisu kilikuwa butu kwa sababu mwongozaji aliogopa tutajikata. Uzi ulipogoma, yule dada akatumia meno yake, wakaona imependeza, wakaiacha. Nilikwambia uiache."

Nje jirani alikuwa anatwanga. Machibya alisikiliza mchi ukipanda na kushuka.

"Basi twende," akasema.

"Twende wapi?"

"Tukaangalie. Usipokuja watasema umekimbia, na hapo hata mimi sina la kuwaambia. Vaa shati."

Mgahawa ulijaa mpaka barabarani. Kija alikiri dakika ya ishirini. Alilia mabega yakitikisika, akasema ni yeye, peke yake, na kisu ni chake. Inspekta Evelina akafunga jalada. Hakuna aliyecheka. Chenge aliangalia vidole vyake.

"Mzee Machibya," Yahaya akasema taratibu, "kesi imekwisha."

Sabina alisogea, akaipunguza sauti ya runinga. "Ngojeni kwanza. Na kile kisu? Hakikati uzi, kimeua vipi? Machibya, wewe ndiye mwenye kujua. Tuambie."

Wote wakamgeukia. Jibu alikuwa nalo, alipewa kabla tamthilia haijaanza. Sentensi moja tu: mwongozaji aliogopa watajikata. Angeisema, sehemu ingekuwa imesimuliwa kama ilivyo, na kesho kilo nane zingekuwa sato.

Alisimama.

"Wamekosea," akasema. "Mtu akikaa rumande siku nne atakiri hata kwamba yeye ndiye aliyechimba ziwa. Kija hajaua. Kisu amewekewa, na wamemfunga bure."

"Lakini kalia mpaka kamasi, mzee!"

"Kalia kwa kuonewa. Mwenye hatia halii vile. Wewe Yahaya, tangu lini nikakusimulia sehemu nikaongeza kitu?"

"Hujawahi."

"Basi."

 Kisha mwanamke mmoja wa dagaa akasema, "Wamemwonea," na mwingine akasema, "Tena wamemwonea sana, na yule wa gari jeupe anapeta." Ndani ya dakika moja mgahawa mzima ulikuwa juu, watu wanaitukana runinga. Sabina alinyanyua rimoti na kubadilisha chaneli.

"Kwangu hii haiangaliwi tena. Chenge, kesho kilo nane. Na mifupa ya supu usinisahau."

"Sawa, dada," Chenge akasema. 

Bucha ipo. Muuza simu alipata fremu sehemu nyingine. Jumatatu Chenge alivuka barabara na kilo mbili za steki kwenye gazeti, akaziweka juu ya meza ya Machibya, akarudi. Alipopigiwa simu aje kuigiza tena, alikataa.

Mteja aliyesukuma sahani hakurudi. Nusu mbili za ng'ombe zimefukiwa nyuma ya nyumba. Geti la kanisa lilimaliziwa na fundi wa kutoka Butimba, na kazi ya madirisha ya kanisa akapewa huyohuyo. Akija mtu karakana kuomba asimuliwe sehemu ya tamthilia yoyote, Machibya anamwambia akamuulize Yahaya. *Jalada la Tisa* liliendelea sehemu nane zaidi. Hakuiona hata moja, na ilivyoisha hajamuuliza mtu.