Mwinjilisti Aliyeishia Aya ya Nane

Jirani yetu, Mama Lightness, anasema mume wangu amemwacha Yesu kaburini. Ndivyo alivyowatangazia wanawake wenzangu bombani, hapa Kilosa.

"Pasaka hii, jamani! Yeremia kasoma Marko, wanawake wanatimua mbio kutoka kaburini, hawamwambii mtu, wanaogopa. Halafu, pap! Kafunga Biblia. Tumekaa tunamsubiri Bwana atokee, wapi!"

Wakacheka. Nikaishika ndoo yangu, nikangoja zamu.

Kasema kweli, ila kaacha kipande. Yeremia alieleza kwamba nakala za zamani kabisa za Marko zinaishia hapo, aya ya nane ya sura ya mwisho. Aya zinazofuata ziliongezwa baadaye. Alifundishwa kwenye semina ya wainjilisti kule Mikumi, akarudi na furaha kama mtoto. Aliniwekea Injili zote nne nione kila moja inavyosimulia kaburi kwa namna yake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliona: huku kijana mmoja, kule malaika wawili.

Furaha ile ikapoa. Jioni moja nachambua mchicha, akaniambia polepole, "Naomi, siku hizi nikifika pale kaburini, sijui tena kama naamini." Hajamwambia mtu mwingine.

Jumamosi wazee wa kanisa wakatuita kanisani. Nyumba tunayokaa ni ya kanisa. Akivuliwa uinjilisti, tunatoka na watoto na kuku. Mwenyekiti wao ni Mzee Melkizedek, baba yangu mzazi. Aliufunga mlango mwenyewe, na madirisha yalishafungwa kwa ajili ya mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo mimi si baba yako, ni mzee wa kanisa. Kaa."

Akamgeukia Yeremia. "Habari za nakala tutabishana hata mwakani. Sisi tunauliza moja tu: Bwana amefufuka, unaamini au huamini?"

Yeremia akafungua mdomo, akaufumba.

"Huyu naye kaishia aya ya nane," Mzee Simoni akaguna.

Hakuna aliyecheka. Baba akanitazama mimi.

"Mke hulala na siri za mumewe. Naomi, binti yangu, hapa ni mbele ya madhabahu, usije ukasema uongo. Nyumbani anasemaje?"

Chini ya benchi, Yeremia akanishika kidole.

"Waambie, mke wangu," akaninong'oneza. "Waambie naamini."

Mvua ilipiga bati. Wote walikuwa wananitazama mdomo.