Esigani wa Mafundi wa Pampu

Mtu asije akasema kwamba kamati ya maji ya Rianyasani ilikuwa ya watu wazembe. Wazembe huajiri mafundi bila kuwauliza lolote. Kamati hii iliwauliza mafundi wake mpaka wakatokwa na jasho, ila katika maswali yote hayo pampu ndiyo haikutajwa.

Ilikuwa mwaka 1971, upande wa Nyamira. Chemchemi ilikuwa shambani mwa Tryphosa Nyanchera, mjane, kwenye mteremko chini ya migomba yake, na nyumba zote pamoja na kanisa zilikuwa juu kilimani. Kila tone lililonywewa huko juu lilipandishwa kwa kichwa cha mwanamke. Tryphosa alikuwa akiyapandisha maji hayo tangu alipoolewa, na sasa magoti yalikuwa yamemchoka. Kwa hiyo aliposikia kuna pampu inayosukumwa na maji yenyewe, bila mafuta, aliitoa chemchemi yake na kipande cha shamba bila kusita. Kwa shukrani wakamweka kwenye kamati. Wakamweka upande wa jikoni, ili wanaume wasije wakajadili maendeleo wakiwa na njaa.

Mwenyekiti alikuwa Ishmael Ongeri, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa tai nyeusi na maneno mazito.

"Fundi ni kama mkwe," alisema. "Unamwingiza bomani. Lazima tujue ametoka nyumba gani."

Hapo hakuna aliyepinga. Abagusii hawaozi binti kwa kubahatisha. Kwanza hutumwa esigani, mtu wa kati, akapeleleze ukoo wa upande wa pili: kama kuna wachawi, kama kuna wavivu, kama wanawake wa huko hupigwa. Basi kamati ikamtuma Obadiah, esigani hodari kuliko wote, akawapeleleze mafundi watatu wenye ofisi Kisii mjini, wakiongozwa na Thadeus Nyangate.

Obadiah alirudi akiwa ameshiba na ameridhika.

"Nyumba ni safi," alitangaza. "Babu yake hakuwa mchawi. Shangazi zake wote wameolewa na wametulia. Kifafa hakuna. Hata mbwa wao ni mpole."

Kamati ikashusha pumzi. Siku ya mahojiano Thadeus alifika na wenzake, viatu vinang'aa, Biblia kwapani. Waliulizwa kama wanaitunza Sabato. Wanaitunza. Pombe? La. Sigara? Mungu apishe mbali. Chai je? Hata kidogo, na jibu hilo lilimfurahisha sana mwenyekiti, ambaye majani yake mwenyewe ya chai yalikwenda kiwandani kila wiki ili Waingereza ndio wapate dhambi.

Tryphosa aliingia na ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akaweka sahani mezani, lakini hakutoka.

"Kitu moja tu, Tata," alimwambia mwenyekiti. "Hawa vijana wametengeneza pampu wapi? Twende tuone hiyo maji ikipanda. Tuionje."

Wanaume walitazamana kama watu waliosikia kuku akiomba hotuba.

"Mong'ina," alisema Ishmael kwa upole wa kumfundisha, "sisi si mainjinia. Utampima vipi mtu kwa kazi usiyoijua? Ukipeleka mtoto hospitali, unampima daktari?"

"Mimi sijui kushona," alisema Tryphosa. "Lakini nguo ikinibana, najua."

Walicheka vizuri, wakanawa mikono. Thadeus hakukasirika. Alieleza kwamba kazi ya kitaalamu huharibika mteja anapoingiza mkono, kisha akapendekeza waimbe kidogo kabla ya kula. Akaimba besi. Na hapo ndipo Tryphosa aliposhikwa, maana marehemu mumewe alikuwa besi, na tangu azikwe hakukuwa na mtu aliyeijaza sauti ile kanisani. Wenye kukubali walipoambiwa wainue mikono, mkono wake uliinuka pamoja na ya wengine, bado una unga wa wimbi.

Kazi ilianza. Mafundi walilichungulia jicho la chemchemi, wakasema ni dogo mno, pampu itakufa kiu. Dawa yake ni kupasua mwamba kwa baruti. Kabla ya kuwasha waliomba, na waliomba vizuri sana, kila aliyekuwapo alikiri hivyo. Kishindo kikasikika mpaka ng'ambo. Maji yakabubujika kuliko yalivyowahi kububujika, watu wakaimba, na mwenyekiti akatoa hotuba akiwa amesimama ndani ya matope na soksi zake.

Asubuhi yake Tryphosa alikuta maji yamekonda. Kufikia katikati ya juma, hata matope yalikuwa yamekauka. Maji yalikuwa yamepata njia nyingine ndani ya kilima, yakaenda kutokea chini kabisa, kwenye kinamasi kando ya mto, ng'ombe wanapokanyaga. Thadeus alisema hayo ni mambo ya miamba, hayahusiani na pampu. Ijumaa yeye na wenzake waliondoka mapema, wasije wakaivunja Sabato wakiwa barabarani.

Kamati ilikaa.

"Lakini ni vijana wa adabu," alisema Ishmael, na wote wakaafiki. Baada ya kulichambua jambo kwa kina, waligundua kosa. Lilikuwa la Obadiah: alipeleleza upande wa baba tu, upande wa bibi zao hakufika.

Tryphosa hakungoja wamalize. Sasa alikuwa akishuka mpaka kinamasini, na kurudi alipumzika njiani mara nyingi, debe kando, akiona aibu kulia mbele ya migomba yake mwenyewe. Sokoni akasikia habari za fundi wa pampu aitwaye Machogu, huko Suneka. Akapanda basi. Hakwenda kwa Machogu kwanza. Alikwenda kwenye boma lenye pampu yake, akafungua mfereji, akanywa, akamuuliza mwenye boma imeharibika mara ngapi na nani aliitengeneza. Kisha ndipo akamtafuta fundi mwenyewe, akamkuta ananuka sigara, na kidogo pombe ya busaa pia.

Machogu alikuja. Aliutazama mwamba uliopasuliwa, akashuka mpaka kinamasini, akapanda tena polepole, akaketi juu ya jiwe.

"Mama, pampu hii haili mafuta, inakula mteremko," alisema. "Maji mengi yakianguka, ile nguvu ndiyo inapandisha machache juu. Hapa kwako yalikuwa na pa kuanguka. Sasa inatokea kule chini, tambarare. Haina pa kuanguka. Siwezi kukudanganya."

"Na zamani? Kabla ya baruti?"

"Zamani ilikuwa kazi rahisi." Alisita. "Kwani hawakukuambia? Mimi nilikuja hapa. Nilibeba hata pampu ndogo niwaonyeshe. Mzee mmoja wa tai nyeusi alinisalimia mlangoni, akauliza kama navuta sigara. Nikasema ndiyo. Akaniambia kamati imeshamaliza."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Sijui, mama. Jikoni kulikuwa na moshi."

Tryphosa alikaa chini kwenye nyasi. Alimchukia Thadeus, akamchukia Ishmael, kisha akaukumbuka mkono wake mwenyewe ulivyoinuka kwa ajili ya wimbo, akakosa wa kumchukia zaidi. Fundi alitoa sigara, akakumbuka yuko kwa mjane Msabato, akairudisha mfukoni. Tryphosa alimwona, akainuka, akaelekea jikoni.

Sabato iliyofuata, ibada ilipokwisha, Ishmael alimwita kando nje ya kanisa.

"Mong'ina, nasikia kuna fundi alikuja kwako."

"Alikuja, Tata."

Tryphosa alingoja aulizwe fundi alisema nini kuhusu maji. Alikuwa na jibu, nalo lilikuwa limemlemea kuliko debe. Ishmael alitazama huku na huku, akainama, akashusha sauti.

"Ni kweli alivuta sigara bomani kwako?"

"Alivuta," alisema Tryphosa. "Kaa la moto nilimletea mimi."