Vipimo vya Sare

Kwa miaka kumi Anifa alikuwa mfungwa wa mwili wake. Hatua tatu tu, anahema. Daktari alimweleza kwamba kongosho lake linamwaga insulini kupita kiasi, nayo ndiyo inayomnenepesha, akaanza kumchoma sindano ya homoni ya kuizuia, moja kila mwezi. Kufikia wa sita magauni yote yalimpwaya, na alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Mkonze hadi mjini.

Walimwengu hawana dogo! Miaka ile ya Ukimwi, nani angeamini mtu amekonda kwa kutibiwa? Anifa aliapa, akaonyesha cheti cha hospitali. Wakamjibu "pole" tu, na chakula alichopika hakikuguswa. Akiacha sindano, unene utamrudia umkabe. Akiendelea, watamzika angali anapumua.

Jumamosi moja fundi Debora alikuja kuwapima wanawake wa ukoo sare za harusi ya Desemba. Aliwapima wote, akaanza kukunja futi yake.

"Na mimi je?" Anifa akauliza.

Wifi yake, Sikudhani, akamshika mkono kwa huruma.

"Wifi yangu, Desemba bado mbali."